Arua, Mji wa Mlimani Unaofufua Mashine za Mtoni

Mji wa Arua umekaa juu ya uwanda ulioinuka kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mtu anayesimama sokoni haoni ziwa wala mto mkubwa upande wowote. Magharibi ni mpaka wa Kongo, na kaskazini ni njia ya Koboko, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana. Mto Nile uko mashariki, zaidi ya kilomita 50, nao unapita Rhino Camp katika bonde lililo karibu mita 600 chini ya mji. Kwa hiyo mgeni huenda akashangaa akiona, kati ya pikipiki na jenereta zilizofunguliwa mbele ya karakana, mashine ya boti imesimamishwa juu ya ubao, kichwa chake kimevuliwa na rafadha yake imening'inia hewani.

Asiyeijua historia ya West Nile hudhani mashine hiyo imepotea njia. Lakini kwa miaka mingi Rhino Camp ndiyo iliyokuwa bandari ya Arua. Meli zilishusha mizigo pale, na malori yakaipandisha mlimani. Vijana waliokwenda kutafuta kazi kusini nao waliteremka kwa njia hiyo hiyo, wakapanda meli kuelekea Butiaba katika Ziwa Albert. Meli za mto huu hazikuja zikiwa nzima. Katika miaka ya 1870, wakati wa Gordon, vyombo vya moshi Khedive na Nyanza vililetwa vipande vipande, vikapitishwa nchi kavu kando ya maporomoko ya Fola, kisha vikaunganishwa Dufile, katika nchi ya Wamadi. Robert Coryndon, meli iliyosifiwa kuliko zote za Ziwa Albert, nayo ilitengenezwa Uingereza na kuunganishwa Butiaba yapata mwaka 1930. Yaani tangu mwanzo, chombo cha injini katika maji haya kimekuwa kazi ya spana na mabega ya watu.

Enzi ya meli hizo ilikatika katika miaka ya 1960. Maji ya ziwa yalipanda yakaiharibu bandari ya Butiaba, Robert Coryndon ikazama hapo mwaka 1964, na reli ikafika Pakwach. Wakubwa wa usafiri wakaupa mto kisogo. Wananchi wa kandokando hawakuweza kufanya hivyo, maana mto haukuondoka. Mvuvi, mama anayepeleka mihogo mnadani, mgonjwa, na askari anayerudi kituoni kwake, wote bado walihitaji kuvuka. Hapo ndipo boti ya mbao yenye mashine ndogo nyuma ilipochukua nafasi yake, nayo inaishikilia hadi leo, ingawa vivuko vikubwa vya magari vipo mahali kama Laropi.

Mashine ya namna hii si kitu cha ajabu kikifunguliwa. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza za kwake mwaka 1909, na umbo lake halijabadilika sana: injini juu, shafti ndefu katikati, gia na rafadha chini ya maji. Ajabu ni kwamba mashine hudumu kuliko kiwanda chake. Seagull za Uingereza ziliacha kutengenezwa katika miaka ya 1990. Mashine zenye jina la Evinrude zenyewe zilikoma mwaka 2020. Mwenye mashine kama hiyo hana ghala jingine la spea isipokuwa mashine nyingine iliyokufa.

Na Arua ni mji uliozoea kula kutokana na mashine zilizokufa. Wafanyabiashara wa Kiasia walipofukuzwa nchini mwaka 1972, maduka mengi ya spea yalibaki na rafu tupu, na magendo yakapanda bei ya kila nati. Baadaye vita vya mwaka 1979 na mapigano yaliyofuata viliwatawanya wenyeji hadi Zaire na Sudan. Hata amani iliporejea, umeme ulikuwa wa kubahatisha. Kabla ya mitambo ya maji ya Nyagak kuanza kazi mwaka 2012, aliyetaka taa, barafu au unga uliosagwa alitegemea injini yake mwenyewe. Mji wa jenereta ni mji wa mafundi wa injini ndogo, na kwa fundi wa injini ndogo mashine ya boti ni jamaa wa karibu.

Kazi huanza kwa subira. Ikiwa pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, fundi mwema haipigi nyundo. Humimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili katika tundu la plagi, akaiacha mashine siku mbili tatu, kisha hujaribu kulizungusha gurudumu la sumaku kwa mkono, kidogo kidogo. Likizunguka, huziba tundu la plagi kwa kidole gumba na kuvuta kamba. Mgandamizo wenye afya hukisukuma kidole. Katika mashine ya silinda mbili, linalotafutwa hasa ni ulingano: silinda moja ikisukuma kwa nguvu na ya pili ikipumua kama mzee wa pumu, ringi au gasketi ya upande huo imekwisha.

Hapo ndipo elimu ya kuokoteza inapoonekana. Beringi haina kabila. Yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha milimita 52, iwe imetoka katika jenereta, pampu au pikipiki. Mpira wa kuzuia mafuta nao huandikwa vipimo vyake ubavuni, na ukilingana, unalingana. Plagi, kondensa na waya wa moto huweza kuazimwa kutoka jamii nyingine. Gasketi ya kabureta hukatwa kwa mkasi kutoka karatasi ngumu ya kazi hiyo. Pistoni, lakini, haiazimwi ovyo. Ikiwa juu yake kumeandikwa 0.50, maana yake imezidishwa nusu milimita kwa ajili ya silinda iliyochongwa upya, na kuitia katika silinda ya kawaida ni kupoteza siku.

Mipira ya krenkishafti yastahili neno la pekee, kwa kuwa wengi huidharau. Injini ya mapigo mawili huvuta petroli na hewa kupitia tumbo la krenki. Mpira mmoja ukivuja, hewa ya ziada huingia, mchanganyiko hukosa petroli na oili ya kutosha, na pistoni hupata joto hadi ikatoboka. Mwenye boti husema petroli ilikuwa mbaya. Kumbe kosa lilikuwa la kipande cha mpira ambacho bei yake haifiki nauli ya abiria wachache.

Basi kuna mpaka ambao fundi mwaminifu hauvuki, na mpaka huo ndio unaotenganisha mashine iliyofufuliwa na mtego uliopakwa rangi. Mpira wa pampu ya maji, ule wenye mabawa kama ua, haufai kutolewa katika mashine nyingine. Ukishakaa umepinda kwa miaka hukauka na kubaki hivyo, na mchanga wa Nile huula haraka. Mashine isipopata maji ya kuipoza hukwama, na haichagui mahali pa kukwama.

Kitu cha pili ni pini ya rafadha. Mashine nyingi ndogo zimewekewa pini laini makusudi, ili rafadha ikigonga jiwe au gogo, pini ikatike na gia zipone. Katika mto uliojaa magugu maji na visiwa vya mafunjo vinavyoelea, pini hukatika mara kwa mara, na mwenye boti aliyechoka hutia msumari wa chuma kigumu. Msumari haukatiki. Siku ya kugonga, meno ya gia ndiyo yanayosagika, na boti hubaki katikati ya mto bila nguvu, na mkondo unaichukua kuelekea kwenye mafunjo na viboko. Abiria hawajui habari ya pini. Wao wanamwona nahodha akivuta kamba, akivuta tena, na ufuko ukizidi kuwa mbali. Aliyeokoa fedha ya pini amewakopa watu uhai wao bila kuwauliza.

Nyumbani nako kuna sehemu yake. Mashine ya boti mara nyingi ndiyo mali kubwa ya familia, ndiyo ada ya shule na ndiyo chumvi, kwa hiyo hulazwa ndani kwa kuogopa wezi. Hilo lina busara. Lisilo na busara ni kulaza dumu la petroli pamoja nayo, katika chumba kimoja na watoto na taa ya kibatari, au kuiweka petroli katika chupa ya soda. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ufike jikoni. Dumu lifungwe vizuri na likae nje ya nyumba ya kulala, penye kivuli, na liwe na alama ambayo hata mtoto asiyejua kusoma ataitambua.

Mashine ikiisha kuunganishwa, haiwashwi ikiwa kavu. Huwekwa ndani ya pipa lililojaa maji hadi juu ya pampu. Kuhusu oili, vitabu vya mashine nyingi hutaja lita 1 kwa lita 50 za petroli, lakini kongwe hutaka zaidi, na yenye ringi mpya huongezewa katika saa zake za kwanza. Moshi ukitoka na pua ndogo ya pembeni ikarusha maji mfululizo, fundi hatazami kitu kingine kwa dakika kumi. Kisha hufungua skrubu ya gia na kutazama oili yake. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kazi ya sehemu ya chini inaanza upya.

Iliyopita mtihani wa pipa hufungwa kwenye gari na kuteremshwa Rhino Camp. Safari ya kwanza ni ya fundi na mwenye boti peke yao, kandokando ya ufuko, nusu mwendo, wamevaa jaketi za kuokolea, kasia mbili zikiwa miguuni na pini za akiba zimefungwa kwa waya kwenye mpini. Abiria husubiri juu ya ufuko na mizigo yao. Siku hiyo hakuna anayepandishwa, hata akiwa na haraka kiasi gani.