Alimwambia Mdada Anaijua Serengeti Kama Kiganja Chake, Kumbe Hajawahi Hata Kuvuka Geti

Kuna bia inaitwa Serengeti. Kuna timu ya taifa ya vijana inaitwa Serengeti Boys. Kuna wilaya ya Serengeti, makao makuu yake Mugumu, mkoani Mara. Halafu ndiyo kuna hifadhi yenyewe. Sasa mkaka wa Mugumu akiandika kwenye Insta yake "Mzaliwa wa Serengeti" hajamdanganya mtu, kazaliwa wilayani kweli na cheti kinasema hivyo. Shida inaanza pale mdada wa Mbagala anapoisoma na kuanza kumwona jamaa kama mtu anayekunywa chai huku twiga anamchungulia dirishani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa hawa wawili. Majina yakae pembeni, watu bado wanaishi.

Mkaka ni fundi simu, kibanda chake hakiko mbali na stendi ya Mugumu. Wamechati na mdada karibu mwaka mzima. Kila akiulizwa kuhusu hifadhi, anarusha video ya nyumbu wanaruka mtoni na mamba wanasubiri chini, video kaipakua kwa watu. Siku moja mdada akamuuliza, "Kwani wewe Serengeti unaijua kweli?" Jibu likaja haraka mno: "Naijua kama kiganja changu."

Ukweli ni kwamba ana miaka 26 na hajawahi kuingia. Na kabla hujamcheka, jua kwamba hayuko peke yake. Vijiji vingi vya Serengeti na Tarime vinavyopakana na hifadhi vinaijua kwa nje tu. Wanamjua tembo anayekuja usiku kumaliza mahindi. Wanajua ng'ombe wakivuka mpaka kutafuta majani kuwarudisha ni kesi. Baba yake mdogo huyu mkaka alikaa jela kwa nyama ya porini, na nyumbani kwao tangu yuko mdogo neno hifadhi lilikuwa linatamkwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyekulia hivyo hawezi kuamka tu Jumamosi akasema ngoja nikatalii. Hapo hana kosa. Kosa ni kile kiganja.

Agosti ikafika. Mdada kaomba likizo, kaweka hela miezi minane, kapanda basi kutoka Dar na shepu mpya ya nywele kwa ajili ya picha. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: nyumbu wakivuka mto. Mkaka akampata dalali mtandaoni, "Serengeti siku moja, gari la kufungua juu, bei poa". Hela ikatumwa. Hakuna aliyeuliza swali moja dogo: Serengeti ipi?

Na hilo swali Wamarekani hawalikosei. Pale Florida kuna Walt Disney World, ambayo wengi huku wakiiona kwenye picha wanadhani ni ile ngome yenye minara tu. Ngome ni sehemu moja, inaitwa Magic Kingdom, ilifunguliwa 1971. Baadaye zikaja Epcot mwaka 1982, ya studio za filamu 1989, na Animal Kingdom 1998. Nne tofauti, na tiketi ya kawaida ya siku inakuingiza moja. Ndiyo maana mtu anasoma ramani kabla hajakata tiketi ya ndege. Kichekesho ni kwamba ndani ya Animal Kingdom wamejenga kijiji cha kuigiza cha Afrika Mashariki, wamekiita Harambe, na watu wanapanda foleni ndefu kwenda kwenye kitu kinaitwa Kilimanjaro Safaris. Hata hoteli yao pale ina migahawa inayoitwa Boma na Jiko. Eneo lote la Disney World ni kama kilomita za mraba 100 na kitu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ni 14,763. Huko watu wanasoma ramani mwezi mzima, huku mtu anamwamini dalali wa Insta.

Basi saa 12 asubuhi wako geti la Ikoma, karibu na kijiji cha Robanda. Kadi ya malipo inafanya kazi, mdada anapiga selfi na bango. Wakaingia, wakashuka moja kwa moja hadi Seronera, ambako ndiko katikati ya hifadhi. Na Seronera haikuwaangusha. Simba watatu chini ya mti. Mkia wa chui unaning'inia juu ya tawi, chui mwenyewe kajificha kwenye majani. Viboko wamejazana kwenye bwawa kama daladala ya Gongo la Mboto saa moja jioni, na harufu yao hakuna video itakayokuonyesha.

Saa sita mdada akauliza, "Nyumbu wako wapi?" Mkaka akasema wako mbele. Saa nane akauliza tena. Mbele.

Walipokuwa wanakula pale kituo cha wageni cha Seronera, pimbi wanapita miguuni kama paka wa nyumbani, dereva akashindwa kuvumilia. Ni mzee wa Kiikoma, hizi njia kazizoea miaka. Akachukua kijiti, akachora chini kwenye vumbi.

"Shemeji, njoo uone. Hapa tulipo ni Seronera, katikati. Simba na chui wapo mwaka mzima, hawahami. Huku kusini ni tambarare za majani mafupi, unatokea Naabi, unaingia Ngorongoro. Nyumbu wanazalia huko, Februari ndiyo wenyewe. Ila ukivuka kwenda Ngorongoro unalipa tena, ile ni mamlaka nyingine." (Kweli kabisa. Zilitenganishwa mwaka 1959, na hadi leo abiria wa basi la Musoma kwenda Arusha wanalijua hilo kwa mifuko yao.)

Akaburuta kijiti kwenda kushoto. "Huku magharibi ni mto Grumeti, mpaka unafika Ndabaka, barabara ya Mwanza na Musoma. Nyumbu wanapita Mei, Juni. Na hapa pembeni, kati ya hifadhi na Mugumu, kuna mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, kuna Ikona ambayo ni ya vijiji vyetu. Wanyama ni walewale, ila siyo hifadhi ya taifa. Ukiona hoteli inasema iko Serengeti, uliza iko upande gani wa huu mstari."

Mwisho akapandisha kijiti juu kabisa, akachora mto. "Huu ni mto Mara. Hapa Kogatende. Ng'ambo yake ni Lamai, pembe imekaa kati ya Kenya na Tarime. Nyumbu unaowataka, kuanzia Julai mpaka Oktoba, wako huku. Kutoka hapa ni zaidi ya saa tatu za vumbi, na geti linafungwa saa 12 jioni."

Kimya. Halafu akamgeukia mkaka. "Mdogo wangu, si uliniambia mama yako anakaa Tarime, karibu na Lamai?"

"Ndiyo."

"Basi nyumbu wako jirani na kwa mama yako. Sisi tumewakimbia."

Mdada hakupiga kelele. Aliangalia ile ramani ya vumbi, akamwangalia mkaka, akauliza taratibu, "Wewe hujawahi kuingia humu, eti?" Mkaka alikaa kimya mpaka pimbi mmoja akaiba kipande cha chapati. Ndipo akasema. Akasema na ya baba mdogo, ambayo hakuwahi kumwambia mtu wa nje. Wanaume wengi wangeanza kumtukana dalali, na dalali kweli alistahili, lakini alichouliziwa hapo hakikuwa dalali.

Hela iliyobaki ilikuwa ya kitu kimoja: nauli ya kurudi Dar au gari la siku ya pili. Hata ukikosea upande, gari linakula mafuta yaleyale na kibali kinahesabiwa. Mdada akachagua nauli. Ila kabla ya kuondoka akasema anataka kumwona mama.

Wakapanda gari la abiria kutoka Mugumu kwenda Tarime kupitia Nyamongo, wakavuka mto Mara darajani, mto uleule, ila bila mamba wala nyumbu, kuna kinamama tu wanapita na ndoo. Mdada aliusogelea kioo akautazama mpaka ukaisha. Kwa mama kulikuwa na ugali wa mtama na shikamoo ndefu. Mama akasikiliza mkasa wote, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwanangu, mmelipa hela kuwatafuta? Miezi hii usiku ukitulia sisi tunawasikia."

Na usiku ule walikaa nje wote watatu. Mdada anaapa alisikia. Mkaka anasema ilikuwa mashine ya kusaga.

Waliachana? Watu wa Mugumu walisubiri hiyo habari sana. Hawakuachana, ila miezi miwili mdada alikuwa anajibu meseji kwa "sawa" tu, na mwenye akili anajua "sawa" ya mwanamke ina uzito gani. Mkaka akafanya kitu kimoja cha maana: akaifuta ile "Mzaliwa wa Serengeti", akaandika "Mugumu, Serengeti (wilaya)". Kibandani kwake akabandika ramani ya hifadhi, na mteja akisubiri kioo cha simu anaulizwa anajua tofauti ya Lamai na Ndutu. Anakera kidogo, lakini anajua.

Agosti iliyofuata mdada akarudi. Safari hii wakachanga nusu kwa nusu, wakamtafuta yule mzee wa Kiikoma moja kwa moja, wakaacha njia ya Seronera na kulenga Kogatende. Na wakamchukua mama, kitambulisho cha NIDA kiko kwenye mkoba ili alipe kwa shilingi, miaka yote hiyo ameishi mpakani na ndiyo anaingia mara ya kwanza. Walipomkuta tembo wa kwanza kando ya barabara, mama alimkazia macho muda mrefu, akasema, "Huyu namjua. Amekula mahindi yangu."

Saa nne asubuhi walikuwa ukingoni mwa mto Mara. Nyumbu walikuwepo, wengi mpaka ng'ambo imekuwa nyeusi. Wakasubiri. Saa tano, saa sita, saa saba. Mdada kashika simu juu mpaka mkono unatetemeka. Saa nane kasoro nyumbu mmoja akashuka hadi majini, akanusa, wengine wote wakasogea nyuma yake. Akasimama pale kama dakika mbili. Halafu akageuka, na kundi zima likageuka naye, likapanda juu kuendelea kula majani.

Dereva akasema hiyo ni kawaida yao, wanaweza kufanya hivyo siku nzima. Simu ya mdada ilikuwa imebaki asilimia nne. Mama akafungua chupa ya chai.