Siti Moja, Watu Wawili



Tangu nirudi nimeulizwa maswali mengi kwenye inboksi, na mengine nimeyasikia yakipita pale nyuma baada ya ibada. Pasta alienda India kufanya nini mwezi wa Krismasi? Alienda na nani? Nani alilipa? Nimeona niwajibu wote hapa mara moja, halafu niwaambie jambo lenyewe lililonifanya niandike.

La pesa kwanza, kwa sababu najua tunavyojuana. Hakuna shilingi ya sadaka iliyopanda ndege. Mimi na mwenzangu tuliweka akiba kidogo kidogo, na mke wangu aliona hesabu yote. Ibada ya Krismasi iliongozwa na wazee wa kanisa, na nimeambiwa mahubiri yalikuwa mafupi kuliko yangu na hakuna aliyelalamika. Nimelipokea hilo kwa unyenyekevu.

Sasa huyo mwenzangu. Ni jirani yangu hapa Nyanchwa, mwalimu wa hesabu, Msabato tangu tumboni mwa mamake. Ukikaa Nyanchwa unajua hali ilivyo. Kilima hiki walikifikia kabla yetu, na Jumamosi asubuhi barabara inajaa watoto wenye viatu vilivyopigwa rangi wakati sisi tunaanika nguo. Tumekuwa marafiki miaka mingi bila mmoja kumvuta mwenzake upande wake. Mwaka juzi mke wake alifariki. Wengi wenu mlikuja mazishini, na Mungu awakumbuke kwa sufuria za chai mlizobeba kwenye tope lile.

Mwalimu na mama watoto walikutana India. Katika miaka ya 1990 wote wawili walikuwa wanafunzi Spicer, chuo cha Waadventista kilichoko Pune. Wengi wenu mna mjomba au shangazi aliyesoma huko. Walikuwa wamepanga kurudi kupaona siku moja watoto wakishamaliza shule. Baada ya mazishi Mwalimu aliendelea kwenda kanisani, lakini aliacha kuomba kwa sauti. Akiombwa kufunga kikao kwa maombi anatikisa kichwa, anaangalia chini. Siku moja akaniambia, "Pasta, nataka kwenda Pune, na sitaki kwenda peke yangu." Sikumwuliza kwa nini. Nilimwuliza lini.

Tulienda kama vijana, kila mmoja na begi moja la mgongoni. Chanjo ya homa ya manjano, kadi yake mfukoni, viza ya mtandaoni, ndege mpaka Mumbai, halafu treni. Mpendwa, ukitaka kujifunza uvumilivu usifunge siku tatu. Nenda ukakate tiketi ya treni India mwezi wa Desemba. Kila mtu anasafiri, na majina yanajaa kabla hujafika dirishani.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nashik, kaskazini mashariki ya Mumbai. Hapo ni mimi niliyesisitiza. Chuo cha Biblia kilinifundisha habari za Krapf na Rebmann, lakini hakikunifundisha vya kutosha habari za watoto wa Nashik. Katika karne ya 19 manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa yaliyotoka pwani yetu, na baadhi ya watoto waliookolewa wakapelekwa India. Wamishonari wa CMS walikuwa na kijiji pale Nashik kiitwacho Sharanpur, maana yake mji wa kimbilio. Watoto wa Kiyao, wa Kimakua na wengineo walilelewa pale, wakasoma, wakafundishwa ufundi, wakabatizwa.

Kisha wakarudi. Mwaka 1864 William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai kumsaidia Rebmann, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi karibu peke yake. Mwaka 1875 mchungaji Price, aliyekuwa msimamizi wa Sharanpur, alianzisha Freretown ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na Waafrika hawa wa Bombay wakawa walimu na mafundi wake. Ndugu zetu wa Mombasa, mkishuka matatu pale Kengeleni mnashuka kwenye kengele ya kijiji hicho. Ililia kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja.

Na yuko Jacob Wainwright, Myao aliyesomea Nashik. Livingstone alipokufa mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi tunayoiita leo Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye mti walipouzika moyo wake. Halafu yeye, Susi, Chuma na wenzao wakaubeba mwili mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Walikuwa na kila sababu ya kuuzika papo hapo na kwenda zao. Nilikuwa namweleza Mwalimu habari hizo tukitembea Sharanpur Road, na nilipofika hapo pa kubeba mwili akaniambia, "Tukae kidogo." Tukakaa kwenye ukuta wa duka la simu. Nikanyamaza.

Mchana tulishuka mtoni, pale panapoitwa Ramkund, kwenye mto Godavari. Wahindu huleta hapo majivu ya wafu wao. Wengine mmeniuliza kama sikuogopa miungu yao. Sikuogopa. Niliomba asubuhi kama ninavyoomba hapa, nikanywa chai, nikatembea. Tulimwona mwanamume wa umri wetu, amenyolewa kichwa, ameinama majini na chombo kidogo, nyuma yake vijana wawili ambao bila shaka ni wanawe. Mwalimu alimtazama muda mrefu. Akasema, "Huyu naye leo usiku anarudi kulala kwenye kitanda cha watu wawili."

Mpendwa, najua baadhi yenu mngetaka niwaambie kwamba hapo nilifungua Biblia. Tumaini la ufufuo ninalijua na sitalibadilisha kwa mto wowote. Lakini rafiki yangu alikuwa ametoa sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia kwake kwa miezi kuhusu usiku wake, na mimi sikutaka kuifunika kwa yangu.

Ijumaa tuliingia Pune kabla jua halijatua, maana Sabato ni Sabato hata ukiwa na begi mgongoni. Jumamosi nilikaa naye kanisani Spicer. Baadaye alinionyesha mti, benchi, na dirisha la maktaba. Ya huko ni yake, sitayaandika.

Jumapili ilikuwa zamu yangu, naye akaja nami kwa treni mpaka Kedgaon, kama kilomita 60 hivi kutoka Pune. Hapa ndugu Wapentekoste nisikilizeni. Tumezoea kusimulia kwamba moto wetu uliwaka Los Angeles, mtaa wa Azusa, mwaka 1906. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwaka 1905, wasichana wa Kihindi katika misheni ya Mukti pale Kedgaon, wengi wao mayatima wa njaa na wajane walioolewa wakiwa watoto, walikuwa wakikutana kwa mamia kuomba, na Roho akawashukia. Habari zao zilifika mpaka Chile na kuwasha uamsho huko.

Aliyewakusanya ni Pandita Ramabai, aliyezaliwa mwaka 1858, binti wa Brahmini aliyefundishwa Kisanskriti na wazazi wake. Njaa ilimwua baba, ikamwua mama, ikamwua dada. Kaka yake aliyebaki akafa. Akaolewa, na kabla ya miaka miwili kwisha mume naye akafa, akamwachia mtoto mchanga wa kike. Huyo ndiye aliyekuja kumjua Yesu na kuwafungulia wajane mlango. Mukti ni wokovu, kufunguliwa. Mwalimu aliuliza swali moja tu: huyo binti aliishi? Aliishi, akafanya kazi na mamake, akafa mwaka 1921. Mama alimfuata mwaka 1922. Mwalimu akapiga hesabu kimya kimya, kama kawaida yake, halafu akasema, "Alizika wote."

Kutoka Pune tulichukua treni ya usiku kwenda Chennai. Kule wana utaratibu: treni ikijaa, watu wawili hupewa kitanda kimoja cha kando wakae wakitazamana, mpaka mwenye nafasi asipotokea. Hakuna aliyekosa kutokea. Wanaume wawili wa makamo, magoti yamegusana, dirisha linapitisha baridi ambayo sikuitarajia India. Mwalimu akafungua begi, akatoa leso ya mama watoto, akaifunika miguu yetu yote minne.

Usiku wa manane aliniuliza, "Unajua kilichoniumiza zaidi mazishini?" Akajijibu. "Watu wako. Si kwa ubaya. Kila mmoja alinishika mkono akaniambia mama watoto ananiangalia kutoka juu. Pasta, mimi nimefundishwa kwamba amelala, hajui lolote mpaka Yesu aje. Ndilo lililobaki kunishikilia, kwamba maumivu yale ameyaacha na amelala. Kila mkono nilioshikwa ulikuwa unamwamsha. Nikifika nyumbani nafikiri: kama anaangalia, basi anaona watoto wanalia na hawezi kuinuka."

Mimi siamini kama yeye. Ninafundisha, na nitaendelea kufundisha, kwamba aliyekufa katika Bwana yuko pamoja na Bwana, na ukitaka nikuonyeshe nitaanza na 2 Wakorintho 5. Yeye angenijibu kwa Mhubiri 9, na tungefika Chennai tukiwa bado huko. Niliwasha tochi ya simu, tukasoma 1 Wathesalonike 4 kuanzia mstari wa 13, yeye mstari mmoja na mimi mmoja. Pale hatuna ugomvi: Bwana anashuka, wafu wanafufuka, tunakuwa naye. Na angalia jinsi Paulo anavyomaliza. Anawatuma Wathesalonike wakafarijiane, hakuwatuma wakashindane. Mwalimu aliomba baada ya hapo. Ilikuwa kwa Ekegusii, maneno machache, kwa sauti. Yule jirani wa kitanda cha juu akageuka akakohoa.

Msikimbilie kupiga vigelegele. Asubuhi alikuwa kimya tena, na mpaka leo kuna wiki anaomba na kuna wiki haombi.

Chennai tulipanda Mlima wa Mtakatifu Tomaso, ambapo kwa mapokeo ya Wakristo wa India mtume Tomaso aliuawa kwa mkuki. Wanasema alifika Kerala mwaka 52 baada ya Kristo. Tukiwa juu, jiji lote chini na ndege zikitua karibu, nilimfikiria Tomaso wa Yohana 20. Sisi wahubiri tumempiga sana huyu mtu. Lakini hesabu siku. Wenzake walimwambia wamemwona Bwana, akakataa, na siku nane baadaye bado yuko ndani ya nyumba pamoja nao. Hawakumtoa nje mpaka aamini. Naye, pamoja na kukataa kwake, hakuondoka. Walikula naye siku nane bila kukubaliana juu ya jambo kubwa kuliko yote duniani, na Yesu alipokuja akamkuta mahali pake. Nilimwambia Mwalimu hayo. Akasema siku nane ni chache. Nikamwambia ni kweli, kwako zimekuwa nyingi zaidi.

Shule zimefunguliwa, amerudi darasani. Jioni huwa tunatembea kutoka Nyanchwa mpaka Daraja Mbili na kurudi, kwa sababu miguu ilizoea. Ukitukuta, usimsimamishe kumwuliza kama amepona, na nakuomba usimwambie nani anamwangalia kutoka wapi. Msalimie kama jirani. Muulize kuhusu zile treni. Atakueleza ya siti moja mpaka ufike mlangoni kwako.