Kati ya Kujaziwa na Kujaza

Mwaka jana mpwa wangu alinipigia simu kutoka Ifakara, sauti imemkauka. Amemaliza kidato cha sita, ameomba mkopo wa elimu ya juu kwa mtandao, na sasa akaunti yake haifunguki. Nikamwuliza ametumia barua pepe gani. Hajui. Nywila je? Hajui. Namba ya simu iliyosajiliwa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, aliyenijazia ni yule kaka wa steshenari. Aliweka namba yake." Na yule kaka alikuwa ameshahamia Mlimba, simu yake haipatikani.

Tulihangaika siku nne ndipo mambo yakanyooka. Simlaumu yule kijana. Aliombwa ajaze, akajaza, akalipwa hela yake. Kilichoniuma ni kwamba binti aliyefaulu fizikia na kemia hakuwa na ufunguo wa maombi yake mwenyewe.

Simu ile ilinikuta Aarhus, jiji la pili kwa ukubwa nchini Denmark, nikiwa njiani kwenda Dokk1. Hiyo ndiyo maktaba kuu ya jiji, iliyofunguliwa Juni 2015 kando ya bandari. Mle ndani, pamoja na vitabu, kuna ofisi ya huduma kwa wananchi inayoshughulikia mambo kama pasipoti na leseni za udereva. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni wa nchi hii, nilikaa pale na mkutubi mwenye mvi akanifundisha kufungua barua za serikali kwenye kompyuta.

Nilihitaji somo hilo kwa sababu Wadenmark waliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2014, barua za serikali zitamfikia kila mkazi wa miaka 15 na kuendelea kwa njia ya mtandao, isipokuwa aliyeomba kusamehewa kwa sababu zinazokubalika. Barua ya hospitali, ya kodi na ya halmashauri zote zikaingia kwenye sanduku lisiloshikika. Wapo wazee waliobaki nje ya sanduku hilo, na hadi leo wapo. Lakini dirisha la karatasi lilipofungwa, maktaba iliweka meza na viti. Sheria yao ya maktaba ya mwaka 2000 inaitaka kila halmashauri iwe na maktaba ya umma, na inaitaja intaneti pamoja na vitabu kama kitu ambacho maktaba inapaswa kumpa mwananchi. Chama cha wazee, Ældre Sagen, nacho huleta watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, kwa hiyo mzee hufundishwa na mzee mwenzake.

Siku ile ya somo langu la kwanza nilikwama kwenye ukurasa wa pili. Nikamsogezea yule mkutubi kipanya ili animalizie. Akarudisha mikono yake nyuma ya mgongo. "Mimi nitasema," akaniambia, "wewe utafanya." Nilikasirika kidogo. Ilinichukua dakika arobaini kufanya kitu ambacho yeye angekifanya kwa dakika mbili. Wiki iliyofuata nilifanya peke yangu, nyumbani, usiku.

Siku hizi Jumanne jioni najitolea kwenye maktaba ya mtaa wangu, na kanuni ya kwanza niliyopewa ni hiyohiyo: mkono wa mkufunzi usiguse kibodi. Kwa ambaye hajawahi kushika kipanya, tunaanza na mchezo wa karata kwenye skrini. Ukivuta karata ukaiweka mahali pake, kidole kimeshajifunza kubonyeza, kushikilia na kuachia. Baada ya hapo kuandika jina, kutuma barua pepe, kutunga nywila na kuitunza. Hatuna haraka. Mama mmoja wa Kisomali alikuja kwangu wiki sita mfululizo. Siku ya mwisho alifungua barua ya daktari wake, akaisoma kimya, akaifunga, akaniambia kwamba kwa miaka yote hiyo barua za mwili wake zilikuwa zikisomwa kwanza na mwanawe wa kiume.

Neno lile lilinirudisha Ifakara. Kwetu Tanzania nako serikali imehamia kwenye skrini. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), maombi ya mkopo, maombi ya kazi kwa Sekretarieti ya Ajira, kontroli namba ya kulipia ada au kodi: vyote vinapita mtandaoni. Anayetaka kuvipata anakwenda steshenari. Pale kuna mashine ya kutoa kopi, kuna picha za pasipoti, kuna kompyuta moja iliyogeuziwa upande wa mwenye duka. Mteja anakaa upande wa pili wa meza na kutaja mambo yake kwa sauti: jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho. Foleni nzima inasikia. Skrini yenyewe mteja haioni.

Waliokulia huko kwetu, bonde la Kilombero, kabla ya daraja la mto watanielewa nikisema hivi: steshenari ni kivuko. Tuliokuwa tukienda Ulanga, upande wa pili wa mto, tulijua maana ya kusubiri pantoni, kulipa kila safari, na kulala ng'ambo mto ukikataa. Kivuko kilitusaidia, na waliokiendesha walifanya kazi ngumu. Lakini lilipojengwa daraja la mita 384 juu ya mto ule, mama mwenye kapu la mchele alivuka kwa miguu yake, saa aliyotaka, bila kumwomba mtu. Somo la kompyuta kwa umma ni daraja la namna hiyo.

Wengine huniambia kwamba kompyuta ni mambo ya Ulaya, bonde letu ni la mpunga na miwa. Sikubali. Maabara iliyozaa Taasisi ya Afya Ifakara ilianzishwa mwaka 1957, na tangu 1996 wadodosaji wake wamekuwa wakipita kaya kwa kaya katika vijiji vya Kilombero na Ulanga kuandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, na takwimu hizo zinaingizwa kwenye kompyuta. Kuzaliwa kwa mpwa wangu kunaweza kuwa kumo humo. Umeme nao unatoka kwetu: Kidatu kuna mitambo ya megawati 204, Kihansi megawati 180. Bonde linalowasha taa za mbali na ambalo maisha yake yamo kwenye kompyuta miaka yote hii linastahili watu wake wakae mbele ya kibodi.

Wala kufundisha watu wazima si jambo la kuazima Denmark. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kitabu na kujadili, kisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walimu wengi walikuwa majirani waliojua kusoma zaidi kidogo kuliko wenzao. Darasa lilikuwa chini ya mwembe au kwenye shule ya msingi watoto wakishatoka, jioni, shamba likishaachwa. Bodi ya Huduma za Maktaba nayo ilipeleka vitabu vijijini ili aliyejua kusoma jana asisahau kesho. Bibi yangu alijifunza kuandika jina lake katika madarasa hayo. Hadi anafariki, hakukubali tena kuweka dole gumba mahali ambapo angeweza kuweka jina.

Majirani nao wameonyesha njia. Uganda, shirika la Maendeleo Foundation lilipakia kompyuta mpakato na paneli za sola kwenye gari, likaenda kufundisha mahali ambapo umeme haujafika. Nairobi, maktaba ya umma ya Kibera imewapa watoto vishikwambi vya kujisomea. Hakuna aliyesubiri jengo kama la Aarhus.

Kwa hiyo nikifikiria Ifakara, sioni jengo la vioo. Naona chumba kimoja chenye kompyuta, cha shule au cha chuo, kinachofunguliwa Jumamosi mchana kwa watu wazima kwa makubaliano na halmashauri. Naona kalenda inayofuata mpunga: masomo yapungue wakati wa kupandikiza na kuvuna, yaongezeke mavuno yakishaingia ghalani. Naona mkeka pembeni kwa ajili ya watoto, la sivyo akina mama hawatakuja. Na mkufunzi wa kwanza wa kuajiriwa, hata kwa saa mbili kwa wiki, ningependa awe kaka wa steshenari kama yule. Anazijua fomu zote, anajua watu wanakwama wapi. Anachohitaji kuongezewa ni kanuni moja ya kuweka mikono nyuma ya mgongo.

Mtaala pia usinakiliwe kutoka huku. Aarhus tunaanza na karata; Ifakara ningeanza na simu, kwa kuwa ndiyo iliyo mkononi. Somo la kwanza liwe ule ujumbe wa matapeli unaotufikia sote: "ile pesa tuma kwenye namba hii." Nani ameutuma, kwa nini usijibu, kwa nini namba ya siri hapewi hata mtoto wako. Somo la pili, kufungua barua pepe yako mwenyewe kwa namba yako mwenyewe, na kuiandika nywila kwenye daftari linalokaa nyumbani. Somo la tatu, kutoa kontroli namba bila kumlipa mtu. Mkulima akishajua hayo matatu, kipanya na kibodi vitakuja bila kusukumwa.

Mpwa wangu sasa yuko chuoni. Likizo iliyopita nilimwomba jambo moja, akaketi na mama yake mezani na kompyuta mpakato niliyowatumia. Nilimwonya asiguse kitu. Walichukua karibu saa nzima. Kisha barua pepe ikaingia kwenye simu yangu nikiwa kwenye basi la jioni, maneno matatu, bila nukta: "nimeandika mwenyewe kaka".

Wenzangu mlio ughaibuni, Desemba inakuja na tunaanza kufunga mizigo. Tunabeba simu, viatu, kompyuta zilizotumika. Zibebeni, zitafaa. Lakini ukifika nyumbani, tenga mchana mmoja, mwite shangazi au mjomba ambaye hujaziwa kila kitu, mweke yeye mbele ya skrini, nawe kaa pembeni umwelekeze kwa maneno tu. Ukirudi ulikotoka, niandikie uniambie somo lenu lilichukua muda gani.