Mandazi ya Usiku



Mwezi wa Agosti 2023, huko Lisbon, Papa Fransisko alitangaza ya kuwa Siku ya Vijana Duniani ya mwaka 2027 itafanyika Seoul, mji mkuu wa Korea ya Kusini. Habari hiyo ilipofika parokiani kwetu Butembo, vijana walitujia na maswali mengi. Sisi ni mume na mke, tumefundisha shule miaka mingi, nao hudhani ya kuwa mwalimu anajua kila kitu. Mmoja akauliza: "Mwalimu, watu wa huko wanakula nini?"

Tukatafuta habari, na Jumapili iliyofuata tukawaeleza. Katika mji wa Seoul, jua likiisha kuchwa, akina mama na akina baba husimamisha vibanda vya turubai kando ya barabara, wakawasha moto na taa. Wanapika vipande vya unga wa mchele katika mchuzi mwekundu wa pilipili. Wanachomeka vijiti katika mkate wa samaki na kuuchemsha katika supu, na wakati wa baridi mpita njia hunywa supu hiyo ili apate joto. Tena wanakaanga mikate bapa yenye sukari ndani. Wafanyakazi wanaotoka kazini usiku huketi hapo bega kwa bega, tajiri na maskini, wakala. Nchi ile ilipigwa na vita vikali toka 1950 hadi 1953, na wengi waliokimbia makwao walipata riziki kwa kupika barabarani.

Vijana wakafurahi. Ndipo binti mmoja akasema: "Kumbe ni kama hapa kwetu! Na sisi tunao akina mama wanaopika usiku. Mbona hatuelezwi habari zao?"

Wote wakacheka, lakini sisi wawili tukatazamana. Maana tulikuwa na habari moja ya chakula cha usiku, nasi hatukuwa tumeisimulia kwa mtu yeyote, kwa sababu inatuaibisha. Leo twaiandika.

Yeyote aliyefika Butembo ajua ya kuwa mji wetu uko juu milimani, na ingawa tuko karibu sana na mstari wa ikweta, usiku ni baridi. Beni, iliyo mwendo wa kilomita hamsini na kitu kutoka kwetu, iko chini zaidi na ina joto. Huko watu huketi nje bila koti. Kwetu mtu hutafuta moto. Basi giza likiingia, wachuuzi wa mchana wanafunga mizigo, nao wa usiku wanafika. Huyu ana jiko la makaa na mahindi ya kuchoma, yule ana mishikaki ya mbuzi na pilipili, mwingine ana samaki wa ziwa Edward kutoka Vitshumbi au Kyavinyonge. Wako wenye viazi vya kukaanga, maana milima ya Lubero inatupa viazi vizuri. Wanunuzi ni wenye pikipiki, wasukuma chukudu waliochoka na mizigo, madereva wa malori yaliyopanda kutoka Kasindi, na walinzi wa maduka.

Kati yao alikuwako mama mmoja mjane aliyeuza mandazi karibu na njia yetu. Jina lake tuliache. Yeye si mzaliwa wa Butembo. Alikimbia kutoka upande wa Mbau baada ya mauaji yaliyoanza katika sehemu za Beni mwezi wa Oktoba 2014. Alifika na watoto watatu na sufuria moja. Kwa sufuria hiyo akaanza kazi. Tulizoea kununua kwake kila tulipotoka katika mazoezi ya kwaya. Watoto wetu walimwita Mama Mandazi, naye aliwaongezea moja bila kuhesabu.

Kisha ikaja Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanza upande wa Mangina, ukafika Beni, kisha Butembo na Katwa, nao haukutangazwa kuwa umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Zaidi ya watu elfu mbili na mia mbili walikufa. Ninyi mliokuwako mwakumbuka ndoo za maji yenye dawa penye kila mlango, na jinsi tulivyoacha kupeana mikono hata katika Misa. Mwakumbuka pia uvumi: wengine walisema ugonjwa haupo, ni biashara tu, na mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto.

Mwanzoni mwa mwaka huo mama yule alimwuguza dada yake. Dada akafa, naye mwenyewe akaugua. Alikaa kituoni majuma kadhaa, na kwa rehema ya Mungu na kazi ya waganga akapona. Akarudi na karatasi yenye mhuri kwamba amepona kabisa. Godoro lake na nguo zake zilikuwa zimechomwa. Sufuria ilibaki.

Jioni ya tatu akawasha moto mahali pake pa zamani. Hakuna mtu aliyenunua. Nasi tulipita. Tulikuwa tumesikia kanisani na redioni ya kuwa aliyepona hana hatari ya kuambukiza watu kwa kusalimiana nao, kuketi nao, wala kwa chakula anachowapikia. Tuliyajua hayo, tena tulikuwa tumewafundisha watoto shuleni. Lakini tulipomwona akituinulia mkono, tulivuka, tukapita upande wa pili wa barabara kama yule kuhani na Mlawi katika mfano wa Bwana wetu. Mtoto wetu mdogo akauliza kwa sauti: "Leo hatununui kwa Mama Mandazi?" Tukamvuta mkono. Mama yule alisikia. Baada ya juma moja hakuonekana tena pale.

Miaka mitatu ikapita. Usiku mmoja wa mvua, mwaka 2022, yule mtoto mdogo alishikwa na malaria kali. Tukamchukua kwa pikipiki mpaka hospitali. Fedha zote tulizokuwa nazo zikaishia katika dawa na damu. Nanyi mwajua, katika hospitali zetu mgonjwa hulishwa na watu wa nyumbani kwake. Nyumbani ni mbali, mvua inanyesha, na sisi hatukuwa tumekula tangu asubuhi. Mmoja wetu alibaki kitandani pa mtoto, mwingine akatoka langoni kutafuta mtu wa kumkopa.

Nje ya lango palikuwa na turubai jeusi, jiko, na sufuria. Aliyeketi nyuma ya sufuria alikuwa Mama Mandazi.

"Mwalimu," akasema, "mgonjwa ni nani?"

Jibu lilikuwa gumu kutoka. "Ni yule mdogo, mama."

Hakuuliza neno jingine. Akafunga mandazi kumi katika karatasi, akajaza chupa chai ya moto ya tangawizi. Alipoambiwa ya kwamba hatuna hata faranga moja, akasema: "Je, nimedai? Nenda, mtoto anakungoja." Usiku ule tulikula chakula chake pande mbili za kitanda, wala hatukuweza kutazamana. Alfajiri homa ikashuka. Mtoto alipofumbua macho akaomba kula, na chakula cha kwanza alichokula kilikuwa andazi la yule mama, limechovywa katika chai.

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini sisi tulikuwa tumemfaa nini katika dhiki yake?

Siku tuliyotoka hospitali tulimwendea sote wawili. Tulitaka kulipa, tena tulitaka kukiri. Tukasema: "Mama, mwaka ule wa Ebola tulikupita." Akageuza mandazi yake kwanza, maana mafuta hayangoji, kisha akajibu: "Niliwaona. Ninyi mliniumiza kuliko wengine, kwa sababu niliwazoea." Akanyamaza kidogo. "Nami kituoni niliogopa wagonjwa wenzangu. Mwoga namjua. Lipeni ya mandazi. Yale mengine nimeyaacha kwa Mungu." Tukasema "Wasingya," asante, neno la wazee wetu, na machozi yakatutoka.

Tangu siku hiyo twanunua kwake, na tumejua kazi yake. Huukanda unga adhuhuri na kuufunika karibu na jiko, maana kwa baridi yetu hamira huchelewa kuuamsha. Hujaribu mafuta kwa kitonge kidogo: kikizama na kukaa chini, bado, kikipanda mara moja, tayari. Hurudi kwake usiku wa manane. Ameingia likelemba ya akina mama kumi, ambao kila juma huchanga na kumpa mmoja wao, na kwa zamu yake hulipa karo ya watoto.

Vijana wetu, mkijaliwa kufika Seoul, kuleni kwa furaha katika vibanda vyao, mkakumbuke ya kuwa wengi walioanza kazi ile walikuwa wakimbizi kama wetu. Nasi tunaobaki, tusipite upande wa pili. Katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Bwana anawasifu waliowapa wenye njaa chakula. Sisi twajua siku hiyo nani atasimama mbele yetu, mikono yake ikinuka mafuta na moshi. Twaomba atukumbuke na huko pia.