Ngoma za umeme za kwaya: tulivyozichagua

Sisi wa kwaya tumeulizwa sana habari ya ile batri mpya, hasa na wazazi waliochanga, kwa hiyo tumeona heri tuandike mara moja kuliko kujibu kila mtu bombani.

Kwanza jina. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tunasema batri, kwa Kifaransa chetu kile. Wenyeji wetu Watanzania wanasema drams. Shida ni kwamba hapa Nyarugusu batri ni ile ya sola pia, na mtu akipiga kelele Jumamosi jioni "batri imekufa!", nusu ya kwaya wanakimbilia ngoma na nusu wanakimbilia nyaya. Kwa makala hii tutasema ngoma za umeme, na ile ya sola tutaiita betri.

Sasa, kwa nini za umeme? Sababu ni majirani. Kanisa letu na nyumba za watu viko karibu hata mtu akikohoa huku anapewa pole kule. Ngoma za kawaida zikipigwa kwa nguvu sauti yake inapita desibeli 100, na hakuna namna ya kuzinong'onesha. Mwaka jana, katika miezi michache tu, nyumba za jirani zilipata matanga mara mbili. Halafu nyumba ya nyuma mama mmoja alijifungua mapacha kabla ya siku zao, akarudi nao kutoka hospitali wadogo kama viganja. Nani atapiga ngoma hapo? Tulisimamisha mazoezi, na ilikuwa haki. Lakini kwaya isiyofanya mazoezi inajulikana Jumapili, hata na mtu asiyejua muziki.

Jambo la pili, wapiga ngoma wetu wanaondoka. Miaka ile ya safari za Marekani tuliachwa na vijana watatu mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja akiwa ndiye peke yake anayejua. Mpango ule uliposimamishwa Januari 2025, wengine waliokuwa wameshaaga na kugawa vyombo walirudi kwenye benchi la kwaya, na wengi wao walitaka kujifunza kitu, chochote, mikono isikae bure. Huwezi kufundisha watu sita kwa ngoma za kelele ukiwa na saa moja kwa juma.

Si wote walikubali. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kikaoni akasema, "Wanangu, ngoma isiyolia bila umeme ni meza." Watu walicheka, lakini tulilichukua neno lake. Alikuwa na haki kwa nusu, kama mtakavyoona.

Kabla ya kununua, kwaya rafiki ya zoni nyingine walikubali tujaribu za kwao. Mama mmoja wetu aliziangalia akauliza, "Ngoma ziko wapi? Mimi naona sahani tu." Ndivyo zilivyo: vibao vidogo kwenye fremu ya chuma, kila kibao na waya wake, nyaya zote zinaingia kwenye kisanduku kinachoitwa moduli, na moduli ndiyo inayotoa sauti. Kijana wetu akapiga bila spika. Tuk tuk tuk, basi. Akavaa hedifoni, uso ukabadilika kabisa, sisi tuliobaki nje tukaendelea kusikia tuk tuk. Halafu tukachomeka kwenye amplifaya ya gitaa, na ngoma ya mguu ikalia kama chura. Spika ya gitaa haikutengenezwa kwa sauti nzito namna ile. Ngoma za umeme zinataka spika ya ukumbi, yenye koni ya inchi 12 au 15, inayotoa chini na juu. Kwa hiyo mtu akikuambia bei ya ngoma, muulize na spika, maana kanisani ngoma hizi bila spika ni ile meza ya mzee.

Tulipiga hesabu ya moto mapema. Adapta ya moduli ni volti 9, ampea 0.5, yaani wati 4.5 tu, chini ya taa nyingi. Mlaji ni spika. Betri ya kanisa ni volti 12, ampea-saa 100, sawa na wati-saa 1200, na hii ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua. Tunabaki na 600. Spika yetu ikifanya kazi ya kawaida tunaihesabia wati 80, ibada ya saa 4 ni 320. Kinanda na maikrofoni zinagawana zinazobaki, na inveta nayo inakata ushuru wake. Msimu wa jua inatosha. Masika, jua likifichwa siku tatu, haitoshi. Ndiyo maana ngoma zetu za ngozi hazikuuzwa, ingawa kuna mtu alileta bei nzuri.

Sasa aina. Kuna ya mpira na kuna ya wavu. Mpira ni rahisi, hauchaniki, lakini fimbo inaruka vibaya na ile tak tak yake inafika kwa jirani usiku. Wavu ni kimya zaidi na unarudisha fimbo karibu kama ngozi. Tuliangalia Yamaha DTX402K, ambayo pedali yake ya mguu haina nyundo kabisa, unakanyaga tu. Kwa nyumba ya ghorofa ni dawa, kwa sababu mtetemo haushuki kwa mtu wa chini. Lakini sisi sakafu yetu ni udongo, udongo unakula mtetemo wenyewe, na tuliogopa kijana azoee kukanyaga hewa, siku akikaa kwenye ngoma za kweli mguu uwe mgeni. Tuliangalia pia Octapad SPD-30 ya Roland, vibao vinane kwenye sanduku moja, unaibeba kwapani. Ni kitu kizuri sana kwa kwaya inayotembea. Kwa kufundisha mkao wa mpigaji, haihati mguu wa kushoto na ngoma kubwa mguu wa kulia, tuliona haitoshi bila kuongeza pedali.

Tukachukua Alesis Nitro Mesh, iliyotumika, kutoka Dar es Salaam kwa mkono wa ndugu mwenyeji, maana sisi hatutoki bila kibali. Ina wavu wa inchi 8, pedali yenye nyundo, na sauti 385, ambazo tunatumia labda nne. Vijana wanapenda ile ya roboti, kanisani imekatazwa. Ilipofika tuliangalia vitu vitatu mbele ya mleta mzigo: kila tundu la waya, wavu kama haujachanika, na adapta. Adapta hiyo msiiazime ovyo. Kuna zenye chanya katikati na kuna zenye hasi katikati, kichwa kinaingia sawa, na moduli inaweza kufa mara moja.

Kilichotushangaza ni kipima mwendo kilicho ndani ya moduli. Sisi Wakongo tukifika sebene tunakimbia, tusidanganyane. Mnaanza wimbo vizuri, mwisho waimbaji wanatafuta pumzi. Sasa mwanafunzi anavaa hedifoni, anachomeka simu yenye wimbo tuliorekodi Jumapili, kipima mwendo kinagonga, na anajisikia mwenyewe anapoanza kukimbia. Tena anafanya hivyo saa mbili usiku huku mapacha wa nyuma ya kanisa wamelala. Mama yao ametuambia sauti anayoisikia ni kama mtu anakatakata sombe mbali.

Adui aliyebaki ni vumbi, na panya wanaopenda nyaya. Kila jioni nyaya zinafungwa juu ya fremu, moduli inakwenda nyumbani kwa mama mweka hazina, na ngoma zinafunikwa kitenge ambacho bamama walitoa. Ibada yenye jua tunapiga za umeme na ngoma moja ya ngozi pamoja. Mzee wetu ameomba hiyo ya ngozi iwe yake, na anaipiga yeye.

Mazoezi ni Jumanne na Ijumaa, zamu ya nusu saa kila mtu, wasichana kwanza kwa sababu wana maji ya kuteka. Mwanafunzi aje na vijiti vyake vyenye ncha ya nailoni. Vya mbao vilivyochanika vinatoboa wavu, na wavu mwingine uko Kariakoo.