Jiko la Shangazi wa Dabaso

Ukipanda matatu ya Malindi pale Mombasa na kuvuka daraja la Kilifi lililofunguliwa mwaka 1991, barabara hukuchukua hadi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Msitu uko mkono wa kushoto. Upande wa kulia, nyuma ya minazi, ni Mkondo wa Mida ambako maji ya bahari hujaa na kupwa katikati ya mikoko. Kabla hujafika Gede, mwambie kondakta akushushe Dabaso.

Wageni wengi huja hapa kula kaa na kutazama ndege wa ufuoni. Wengine hupita moja kwa moja hadi kwenye magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Mimi sikufuata kaa wala magofu. Nilifuata jiko. Usicheke, msomaji, si jiko la kuoa, ni jiko la kupikia!

Shangazi yangu alikuwa mpishi kwa miaka mingi katika nyumba moja ya ufuoni huko Watamu. Waajiri wake walipofunga virago kurejea Uingereza, walimwachia jiko lao la gesi. Ni zito ajabu, lina miguu minne iliyopinda, vichomeo vinne juu na oveni chini. Limevikwa enameli ya rangi ya maziwa na kijani, ile ile tunayoijua kwenye bakuli na birika za zamani. Tangu lilipofika Dabaso halijawahi kuwashwa. Lilikuwa kabati la kuficha unga na sukari, panya wasifikie.

Nilipoingia na kumwamkia, "Shikamoo, shangazi," aliitikia marahaba kwa haraka, kisha akaja kwenye shida yake. Mwanawe alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi wa vyuma vikuukuu, na jiko lingepimwa kwa kilo.

"Mwanangu, jiko hili nimewapikia watu maisha yangu yote," alisema. "Sasa nataka niokee mkate wangu mwenyewe, niuze. Je, litawaka?"

Nilikuwa nimefuatana na fundi mmoja wa gesi kutoka Malindi, mzee wa maneno machache. Kwanza alitaka kujua lile jiko ni nani na limetoka wapi. Alibandika sumaku ubavuni, ikashika: chuma. Akakwaruza kwa ncha ya ufunguo mahali pasipoonekana. Rangi ya kawaida ingechubuka, lakini hapa ufunguo uliteleza kama juu ya kioo. Na kweli, enameli ni kioo. Ni unga wa kioo uliyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, vikashikana.

Halafu akafuta vumbi mlangoni na kwenye swichi. Yakajitokeza maneno mawili: New World, na kwenye swichi ya oveni, Regulo. Hapo tukapata ukoo wake. Huko Uingereza, James Sharp wa Northampton alipewa hataza ya jiko la gesi mwaka 1826. Lakini kwa miaka mingi mpishi alikisia tu joto la oveni. Mwaka 1923 kampuni ya Radiation ilileta jiko la New World lenye Regulo, kifaa kinachozuia joto lisipande wala kushuka. Mpishi alichagua nambari tu, na mpaka leo vitabu vya mapishi vya Uingereza hutaja nambari za namna hiyo.

"Sasa tujue lilikuwa likila nini," fundi akasema. Majiko ya Uingereza ya zama hizo yalitengenezewa gesi ya makaa ya mawe iliyopita katika mabomba ya mijini. Gesi yetu ya mtungi ina nguvu karibu mara 5 ya hiyo kwa ujazo ule ule. Kwa hiyo kile kitundu kidogo kinachopitisha gesi kwenye kichomeo lazima kiwe chembamba zaidi. Kikiwa kikubwa, moto hupanda juu na kuwa wa manjano, sufuria hujaa masizi, na nyumba huingia hewa ya sumu isiyo na harufu. Moto mwema ni wa buluu. Fundi alibadilisha vitundu vyote vinne, akaweka mpira mpya na regyuleta mpya. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Povu likifanya mapovu yanayokua, gesi inavuja. Usitafute mvujo kwa kiberiti! Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kungoja cheche.

Kuhusu usafi, alitukataza waya wa kusugulia sufuria, na pia limau na siki, kwa maana asidi hula mng'ao wa enameli. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini vilitosha. Palipobanduka, hewa ya chumvi ya Pwani ilikuwa imekwisha kuleta kutu. Hapo alisugua kutu na kupaka rangi inayostahimili joto. Enameli yenyewe hairudishwi kwa brashi. Mpaka chuma kiingie tena katika tanuri la kiwandani.

Kufikia alasiri vichomeo vinne vilikuwa vikiwaka buluu. Shangazi alipiga kigelegele. Ikabaki oveni.

Fundi alilegeza bamba la nyuma, akachungulia, akasimama ghafla. Ndani mlikuwa na kitu cha kijivu chenye nyuzinyuzi, kimeanza kupukutika. Alilirudisha bamba polepole, akatuambia sote tutoke nje. Majiko mengi ya kale yalizuiwa joto kwa asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi, na kwa macho huwezi kuitambua kwa hakika, hupimwa maabara. "Kwa hiyo mimi huihesabu kuwa ndiyo," alisema. Alifunga kabisa njia ya gesi ya oveni, akaziba bamba, na kukataa malipo ya sehemu hiyo. Akaagiza unga na sukari vilivyokuwa humo vitupwe.

Shangazi alinyamaza kitambo. Ndoto yake ilikuwa mkate, wala si vichomeo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Asubuhi yake nilimkuta ameweka chai kwenye lile jiko la kijani. Pembeni, nje kwenye upepo, sufuria ya mkate wa kumimina ilikuwa na makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama alivyofundishwa na mamake. Mnunuzi wa vyuma alipopita na mkokoteni, alipewa kipande cha mkate na kuambiwa kwaheri.

Msomaji, kama nyumbani kwenu kuna jiko la namna hii, msikimbilie kuliuza wala kuliwasha. Kwanza muiteni fundi alitazame, na akiwaambia sehemu fulani isiguswe, msikilizeni.