Sinia la wageni: nenda Mabawe ukajue kulibatiza

Siku hizi, mshikaji wangu, ukialikwa kwa mtu Sinza au Mikocheni huletewi tena sahani ya plastiki yenye sambusa mbili na karanga za kugombania. Unaletewa ubao! Umepangwa soseji, vipande vya nyama baridi, jibini, zabibu, biskuti za chumvi, na katikati kuna kikaratasi chenye jina. Mmoja kauita "Usiku wa Masaki", mwingine "Penzi Jipya". Wageni wanapiga picha kwanza, kula baadaye. Si mchezo!

Wenye mambo yao ni Wafaransa. Wao wanaita sharkuteri, neno lililotoka kwenye maneno yao mawili yenye maana ya nyama iliyopikwa. Tangu karne ya 15 pale Paris walikuwepo mafundi wenye chama chao kabisa, kazi yao kuuza nyama ya nguruwe iliyokwisha kupikwa. Hilo la nguruwe liweke akilini, tutarudi kwake.

Mimi sina ugomvi na ubao. Kula vizuri ni haki ya mtu, na jina zuri linaongeza utamu. Ila darasa la kutoa majina sikulipata Masaki. Nililipata Mabawe, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, kule ambako ukipiga hatua chache simu yako inadhani uko Burundi na saa inarudi nyuma kwa saa nzima.

NJIA NDEFU, MAJINA MENGI

Tulikuwa vijana sita kutoka Dar, tunasindikiza upande wa bwana harusi kwenda kutambulishwa ukweni. Zaidi ya kilomita 1,200 ndani ya basi, wajameni! Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, mpaka miguu ikavimba. Ukifika Nyakanazi hewa inabadilika. Lusahunga inapita, inakuja Benaco. Jina hilo si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni la kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Kampuni ikaondoka, jina likabaki. Tokea hapo tukashika njia ya Ngara mjini, na kutoka Ngara mjini tukapanda bodaboda kwenda Mabawe.

Wanaume kwa wanawake tulifika tumepakwa vumbi jekundu mpaka kope. Lakini kwa macho, utalipwa. Vilima vimepangana kama migongo ya ng'ombe waliolala, migomba inashuka mpaka bondeni, na asubuhi ukungu unakaa chini huku nyumba ziko juu kwenye jua.

Kwa wajanja wa mjini utani ulianza hapo hapo. Mabawe, mabawa, herufi moja tu! Kila kuku aliyepita uani akaulizwa kama ndiye aliyekipa kijiji jina. Wenyeji wakacheka nasi, maana wageni ni wageni.

Watu wa kule wanajua thamani ya jina kuliko sisi. Kihangaza ni ndugu wa karibu wa Kirundi, na katika ukoo huo wa lugha jina la mtu linaweza kuwa sentensi nzima. Hakizimana maana yake Mungu ndiye aokoaye. Nshimirimana, namshukuru Mungu. Ng'ambo ya pili, Rwanda, hata ng'ombe anaitwa kwa heshima: mwenye rangi ya hudhurungi iliyoiva ni Bihogo. Na tangu 2005 watoto wa sokwe wa milimani wanafanyiwa sherehe rasmi ya kupewa majina, Kwita Izina. Sasa kama sokwe anafanyiwa sherehe, wewe unatoa jina la chakula cha wakwe kwa kubahatisha?

UNGO UMEJAA, JINA HAKUNA

Jioni ya kuamkia shughuli tukapewa kazi. Chakula kizito, yaani ndizi, maharage, wali na mbuzi, kilikuwa mikononi mwa kina mama na hakikutuhusu. Sisi tuandae vya kutafuna wakati wazee wanazungumza. Ubao hakuna. Shangazi wa bibi harusi akatupa nyungo tatu safi, akatandika majani ya mgomba yaliyobabuliwa kidogo motoni ili yasipasuke. Nakwambia, ubao wa Masaki usingefua dafu.

Ungo wa kwanza ulikuwa wa mabawa ya kuku yaliyochomwa na ndimu na pilipili, pembeni ndizi za kuchoma. Huu haukutusumbua. "Mabawa ya Mabawe!" Akina mama jikoni walicheka mpaka mmoja akaweka chini mwiko. Jina likapita bila kupingwa.

Ungo wa pili ndio uliokuwa na makubwa. Kulikuwa na senene wa kukaanga walioletwa na ndugu kutoka Bukoba, kwenye Ziwa Victoria. Kulikuwa na dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Na kulikuwa na jibini ya Masisi, ile ya mviringo inayotoka milima ya Kivu ya Kaskazini, Kongo, ambayo mapadri wa Kibelgiji waliwafundisha watu kuitengeneza. Ongeza parachichi, nanasi na karanga. Vyote ungo mmoja, vimebanana hakuna pa kupitisha kidole.

Dada mmoja katika msafara wetu, mtoto wa mjini hasa, akapiga makofi. "Huu tuuite Benaco! Si mnaona ulivyojaa?"

Tukaangua kicheko. Kisha tukagundua tunacheka peke yetu.

ALIYOSEMA SHANGAZI

Shangazi hakufoka. Alikuwa anamenya nanasi, akaendelea kumenya. "Mwanangu," akasema, "Benaco ni mahali, watu wanaishi na kufanya biashara zao. Jina halina ubaya. Lakini wewe umelitaja kwa ajili ya kujaa. Kujaa kule sisi tulikuona."

Walio wadogo pengine hawajui, kwa hiyo nieleze kwa kifupi. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Walipokelewa Benaco, na kwa muda mfupi pakawa na moja ya kambi kubwa kuliko zote duniani. Kabla ya hapo, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa, Warundi nao walikuwa wamekimbilia huku. Ngara nzima ilibadilika: kuni, maji, mashamba, soko, kila kitu.

"Kesho," akasema shangazi, "kwenye mkeka ule watakaa watu waliopokea wageni wakati ule, na watu waliokuja wakiwa wamebebwa mgongoni. Nani kati yao utampelekea hilo sinia acheke?"

Kimya. Dada yetu akasema tu, "Nimekuelewa, shangazi," akamshika mkono. Shangazi akampa kipande cha nanasi. Yakaisha.

Jina likapatikana kwa binti wa kidato cha pili aliyekuwa akisukuma kuni jikoni, wala hatukujua kama anatusikiliza. "Kwa nini msiuite Maziwa Makuu?" Tukatazamana. Senene wa Victoria, dagaa wa Tanganyika, jibini ya upande wa Ziwa Kivu: maziwa matatu makuu hayo. Na jibini yenyewe je? Si maziwa ya ng'ombe! Kafunga bao mbili kwa mpira mmoja. Shangazi akasema, "Huyu ndiye nitakayemtuma kuoza wenzake."

YA TATU ILIKUWA NGUMU ZAIDI

Ungo wa tatu ulikuwa mishikaki ya nguruwe, zawadi ya jamaa wa ng'ambo. Rwanda na Burundi nyama hiyo ya kuchoma wanaiita akabenzi, jina linalomkumbusha mtu Mercedes-Benz. Vijana wakataka kikaratasi kiandikwe "Benzi" basi, waliojua wajue.

Hapa tena shangazi akaingia. Baba mdogo wa bwana harusi ni Mwislamu, ametoka Tanga, na ndiye msemaji wa upande wetu. Mzee wa watu atajuaje Benzi ni nini? Mgeni hawezi kuuliza kila tonge linapotoka; akiuliza sana anaonekana anadharau, asipouliza anaharamisha. Mwenye kutandika ndiye mwenye kusema.

Basi ungo ukatolewa kwenye meza ya wazee, ukapelekwa upande wa pili wa uwanja na koleo lake na kisu chake. Kikaratasi kikaandikwa kwa herufi kubwa: "Benzi ya Nguruwe". Wenye kuitaka wakaifuata huko huko, tena kwa fujo. Baba mdogo akatuliza moyo kwenye Mabawa ya Mabawe, akajilamba vidole, akazungumza vizuri kweli kweli. Mahari ikapungua kidogo, ingawa sidai ni kwa sababu ya kuku.

SASA WEWE WA MJINI

Majina ya mzaha kwenye chakula ni yetu tangu zamani, tusijifanye tumeyaona kwenye ubao. Chipsi mayai ni zege, kwa sababu inachanganywa na kuganda. Nguruwe ni kiti moto. Kampala wana rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, na kikomando, chapati ya kukatwa na maharage, inayosemekana ilipata jina kwa filamu ya Commando ya 1985. Samaki mmoja wa Ziwa Tanganyika, akivuliwa Kigoma ni mgebuka, akivuliwa Bujumbura ni mukeke. Yote hayo yameshika kwa sababu walaji wanajua kilichomo.

Kwa hiyo ukiwa na wageni Jumamosi hii, nakupa ya Mabawe bila malipo.

Kwanza, chukua jina kwenye vilivyomo au vilikotoka. Ukiwa na korosho za Mtwara, pweza wa Unguja na ndizi za Bukoba, jina linakungoja hapo hapo kwenye sahani.

Pili, jina lifiche utani, lisifiche nyama. Nguruwe, karanga kwa mwenye kudhurika nazo, pombe iliyolowekewa matunda: hivyo viandike wazi chini ya jina. Ukumbuke na wale mafundi wa Paris. Ubao huu umeanza na nguruwe, na soseji nyingi za dukani bado ni zake. Soma pakiti kabla ya kumkaribisha Fatuma.

Tatu, jina la mahali, la msiba au la kabila la mtu, ulize kwanza kwa mwenye nalo. Kama huwezi kulitamka mbele ya shangazi anayemenya nanasi, achana nalo.

Na ukikosa jina kabisa, waachie wageni wenyewe. Siku ile, mzee mmoja wa Mabawe alizunguka nyungo zote mbili za wazee, akasoma vikaratasi polepole, akauliza ule wa tatu wa kule mbali unaitwaje. Alipoambiwa, akachukua fimbo yake. "Basi mimi," akasema, "nakwenda kuendesha gari."